Upande wa Pili wa Santuri

Alizaliwa wapi na kwa ukoo gani, hayo waulizwe ndugu zake, ambao ni wengi na hakuna wawili wanaokubaliana. Mimi nilimjua akiwa tayari mtu mzima, ametoka vitani, amekonda, ana masharubu membamba aliyoyatunza kuliko viatu vyake, na ana tarumbeta. Nilikuwa mpiga ngoma wake. Siku za kazi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja Shinyanga mjini, na Jumamosi alasiri nilikaa nyuma ya ngoma zangu nikimfukuza mtu asiyekamatika. Nilimfukuza miaka mingi. Magoti yangu hayajamsamehe mpaka leo, na mvua ikikaribia huwa yanamlalamikia kwa sauti.

Mjini walimwita Bwana Tarumbeta, nami sioni sababu ya kumwita vinginevyo.

Alifanya kazi Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, upande wa karakana ya magari. Sasa, yeyote aliyepata kufanya kazi Mwadui anajua habari ya geti. Hakuna aliyetoka bila kupekuliwa: mifuko, viatu, nywele, mpaka chini ya ulimi. Na huyu mwenzetu kila Jumamosi alijitokeza getini amebeba chombo cha mabomba yaliyojikunja na kujikunjua, ambacho mtu akitaka kuficha kijiwe hapati mahali pazuri zaidi hata akimtuma fundi amtengenezee. Askari wa geti, mzee mmoja mnene mwenye subira, mwanzoni alilimwagia maji tarumbeta lile, akalitikisa, akalichungulia kwa jicho moja kisha kwa jingine. Mwishowe akagundua njia nyepesi.

"Lipulize," alisema. "Likilia vizuri, halina kitu ndani."

Mtu mwingine angetoa mlio mmoja akaenda zake. Yeye alisimama pale, watu wamejipanga nyuma yake wakitaka kuwahi lori, akapiga kitu kirefu chenye kona na mizunguko, akapanda nacho, akashuka nacho, akarudi alikotoka kwa njia nyingine. Waliojipanga walimtukana kwa lugha zote za migodini. Askari alikuwa amefumba macho.

"Nenda," alisema ilipokwisha. "Lakini Jumamosi ijayo usiniletee hiyo hiyo. Nitajua."

Basi ikawa hivyo. Baadaye aliniambia kwamba nusu ya mambo aliyotutolea jasho jukwaani aliyatunga getini, akipekuliwa.

Nilichoshindwa kumwelewa kwa muda mrefu ni hiki: kwenye tarumbeta hakuna aliyemfikia kwa kasi, lakini nje ya tarumbeta sijaona kiumbe mzito kama yule. Kula ugali naye ilikuwa ni kuamua kwamba siku hiyo huna kazi nyingine. Alitembea kama mtu anayepima kiwanja. Alikuwa na baiskeli nzuri nyeusi, yenye taa na kengele, na hakuna mwanadamu aliyepata kumwona ameipanda. Aliikokota. Kutoka Mwadui aliipakia juu ya lori, akaiteremsha mjini, akaikokota mpaka barazani kwangu, tarumbeta limelala kwenye keria ndani ya kanga ya mkewe.

"Hivi kwa nini huipandi, bwana?" nilimwuliza siku moja tukiwa njiani kwenda ukumbini. "Jua linatuunguza wote wawili bure."

"Baiskeli ni ya tarumbeta," alinijibu. "Mimi nalisindikiza tu."

Mvua ilipotukuta njiani, sisi tulitimua mbio na yeye alilowa kwa heshima zake zote. Muwa hakutafuna. Nyama ya mifupa aliwaachia wenzake, na mahindi ya kuchoma aliyapukuchua kwa kidole gumba akayatia mdomoni punje kwa punje, kwa upande. Tulisema ni maringo ya mtu aliyefika ng'ambo. Mke wangu, Mama Zena, ambaye hakuwahi kuumauma maneno, alimwuliza usoni kama huko Burma alifundishwa kula na ndege.

Hapo ndipo alipotufungulia moyo. Vita vilipokwisha, askari wetu walikaa Kalkuta wakisubiri meli, na katika kusubiri huko aliazima baiskeli, akaenda nayo mbio kuliko akili, akaanguka. Usukani ulimpiga mdomoni. Jino la mbele la juu likalegea, likashika tena, lakini halikushika kama lilivyokuwa. Na mpiga tarumbeta anakaza mdomo wake juu ya meno hayo ya mbele. Likitoka moja, kazi imekwisha. Daktari wa jeshi alimwambia wazi kwamba litatoka, ni suala la lini tu.

"Huu mdomo natembea nao kama nimebeba mayai," alisema. Mama Zena aliona aibu, na tangu siku ile alimpikia nyama ikalainika mpaka sisi wengine tukawa hatuna cha kutafuna.

Huko huko Kalkuta ndiko alikopata ugonjwa wake mwingine. Dereva mmoja mweusi wa jeshi la Kimarekani alikuwa na gramafoni, na katika santuri zake ilikuwamo moja ya tarumbeta ambayo ilimfanya huyu bwana asahau kwenda kula, yeye ambaye kula ilikuwa shughuli ya nusu siku. Akabadilishana naye mkanda wake wa kiunoni akapata santuri. Karatasi yake ya katikati ilibanduka kwa unyevu baharini, kwa hiyo hakujua jina la mpigaji wala la wimbo. Alijua neno moja tu aliloambiwa na yule dereva, kwamba upigaji ule unaitwa bibopu.

Aliileta kwangu kwa sababu nilikuwa na gramafoni ya kuvutia wateja. Sindano zilikuwa adimu miaka ile baada ya vita, tukachonga mwiba wa mgunga. Mara ya kwanza nilidhani nimeukaza mtambo kupita kiasi. Tarumbeta lilikuwa linaporomoka na kupanda, linamkatiza mpiga ngoma maneno, linaanza jambo na kulimalizia mahali pengine kabisa. Mama Zena alitoa kichwa dirishani.

"Waamulieni hao! Watu wanagombana humo ndani nanyi mmekaa tu?"

Bwana Tarumbeta alicheka mpaka akajishika jino. Kisha akaweka masharti. Santuri itapigwa mara moja tu kila Jumamosi, isije ikachakaa, na ni upande mmoja tu.

"Na upande wa pili?" nilimwuliza.

"Huo sijausikia. Nimeuweka wa uzeeni."

Sikupata kujua mtu mwingine aliyeweza kumiliki kitu cha kumtia wazimu kiasi kile akakiacha nusu kwa hiari yake.

Vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia havikuwa na mapumziko. Tarumbeta lina vibonyezo vitatu, na yeye alivibonyeza kila mahali: mezani, kwenye kikombe cha chai, kwenye nguzo ya kanisa padri akihubiri, kwenye ubavu wa ng'ombe wa watu. Mkewe alimwambia mke wangu kwamba amezoea kupigiwa nyimbo mgongoni na anazijua zile za furaha na zile za mtu mwenye mawazo. Nilipokuwa nakata kitambaa alikuwa akisimama nyuma yangu akinibonyeza begani bila kujijua, nami nikikosea mkato lawama zilikuwa zangu.

Kusifu hakujua. Baada ya dansi nzuri kuliko zote tulizowahi kupiga, alinitazama akasema, "Fundi, wewe unapiga ngoma kama unashona. Si vibaya. Lakini siku moja usipime, kata tu." Nililala nikiwa na furaha kubwa, asubuhi yake nikaanza kuona kwamba pengine nimetukanwa.

Juu ya kazi yake mwenyewe alikuwa na kauli moja aliyopenda kuirudia. "Wimbo kila mtu anaujua," alikuwa akisema. "Mimi napiga kile ambacho wimbo ulitaka kukisema ukaona haya."

Wacheza dansi, ole wao, walikuja kusikiliza kile ambacho wimbo umekwisha sema. Ukumbi wetu ulijaa makarani, watu wa reli, wauza duka na akina mama wa mjini waliojua rumba kuliko waliozitunga. Tulianza vizuri kila Jumamosi. Gitaa linatembea, mimi nashona, tarumbeta linasema kwa adabu, viatu vinafagia sakafu. Halafu nilimwona anafumba macho, nami nikajua tumekwisha. Aliondoka. Aliuacha wimbo pale pale na kwenda zake kwenye zile kona, na wacheza dansi walisimama wameshikana mikono katikati ya ukumbi, mguu mmoja hewani, wakingoja mtu awaambie pa kuushusha.

"Kwani unakimbizwa na nani, baba?" alipiga kelele mama mmoja muuza maandazi, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na bendi nyingine, yenye kodiani. Bendi ile ilijua nyimbo chache na ilizipiga polepole, na watu walivuka barabara wakaenda huko. Mahali pengine hilo lisingekuwa jambo kubwa. Watu wamechoka huku wameenda kule. Lakini sisi tulikuwa Usukumani. Baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hukutana kwenye uwanja mmoja, kila chama na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, na hupiga kwa wakati mmoja, kila upande ukiupa mwingine mgongo. Hakuna mwamuzi. Watazamaji ndio mwamuzi: wanakimbilia kule kunakowavuta, na yule anayebaki na uwanja mtupu mbele yake ameshindwa, tena ameshindwa hadharani, na nyimbo za kumcheka zitatungwa kabla ya jua kuzama. Kwa macho ya watu wa kwetu, basi, Bwana Tarumbeta alikuwa anashindwa kila Jumamosi na kodiani.

Yeye alisema hajali. Lakini nilimwona akiwatazama wanaovuka barabara, na siku hizo hata nyama ya Mama Zena ilimshinda.

Aliyeumia zaidi alikuwa manju wa Bagalu, mzee wa kwao, aliyekaa upande wa Kharumwa na kuja mjini msimu wa pamba. Chama chake kilicheza na majembe, kikayarusha juu na kuyadaka, na kilikuwa na ngoma kubwa zilizosikika vijiji viwili mbele. Alimpenda Bwana Tarumbeta kama mdogo wake.

"Shikamoo, manju," nilimwamkia siku alipopanda barazani.

"Marahaba, fundi. Huyu ndugu yangu ameshindwa tena?"

"Ameshindwa."

"Na kodiani ile ile?"

"Ile ile."

Mzee alitikisa kichwa, akamgeukia. "Nikupe dawa kidogo ya kuvuta watu. Unapaka tu mdomoni mwa hilo pembe lako. Sisi sote tunayo, hakuna aibu."

"Mimi ni Mkristo, kaka," alisema Bwana Tarumbeta, akakaa wima. "Sipaki kitu."

Jumamosi iliyofuata tarumbeta lilinuka mizizi mpaka mpiga gitaa akapiga chafya. Nilipomwuliza, alinitazama kwa macho makavu akasema ni mafuta ya baiskeli. Watu walivuka barabara kama kawaida.

Msimu mmoja nikaona kwamba sauti za juu amezipunguza. Alipokuwa akipanda, sasa alizunguka. Alikuja barazani akaketi bila kuomba santuri yake, akaweka ncha ya ulimi nyuma ya jino, nami nikaona jino linasogea.

"Nataka jambo moja tu kabla halijatoka, fundi," alisema. "Hiki kilicho kichwani kikae kwenye santuri. Yule mpigaji wa santuri ya Kalkuta simjui jina, sijui kama yu hai, lakini kila Jumamosi yuko hapa kwako. Mimi likitoka hili, ni nani atajua nilipiga nini? Watakumbuka nilivyoshindwa na kodiani."

Hayakupita mavuno hayo akaja bwana mmoja kijana wa Kihindi kutoka Nairobi, ana gari lililojaa mashine, anazunguka miji akitafuta bendi za kutia kwenye santuri. Alitusikiliza, akapenda rumba yetu moja yenye maneno ya mapenzi. Bwana Tarumbeta alimwambia santuri ina pande mbili. Yule bwana alisema analijua hilo. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na mwisho wakakubaliana: upande wa kwanza rumba, upande wa pili apige apendavyo.

Mahali palipopatikana ni ghala la pamba kwenye kiwanda cha kuchambulia, kwa sababu marobota ya pamba yalimeza mwangwi. Yalimeza pia pumzi zetu. Tulikaa katikati ya marobota yaliyofika darini, vumbi la pamba linatuwasha pua, na yule bwana akatuonya kwamba akiinua mkono hakuna kukohoa, kupiga chafya wala kuvuta makamasi, maana mashine haichagui. Sahani nyeusi ilizunguka, sindano ikaichimba, na uzi mwembamba mweusi ukawa unatoka na kujikunja. Mimi fundi, niliukodolea macho ule uzi kuliko ngoma zangu.

Rumba ilikwenda salama. Mpiga gitaa alilia machozi kwa chafya aliyoizuia.

"Sasa upande wa pili," alisema yule bwana. Aliinua mkono. Bwana Tarumbeta akafumba macho, akaondoka.

Hajafika hata kona ya kwanza, ukuta wa ghala ukatikisika.

Kilichotokea ni hiki. Manju alikuwa amesikia kwamba ndugu yake anakwenda kupimwa na mashine ya Nairobi. Akauliza atashindana na nani. Akaambiwa hakuna, atapiga peke yake. Mzee alifadhaika sana. Mtu apimwe vipi bila mshindani? Mgeni atarudi Nairobi aseme Shinyanga kuna mpigaji ambaye hata wa kushindana naye hakujitokeza. Aibu hiyo asingeiruhusu. Akakusanya chama kizima, majembe na ngoma kubwa zote, wakapanga mstari nyuma ya ghala, wakampa mgongo kama ilivyo heshima, na tarumbeta lilipoanza, nao wakaanza.

Yule bwana wa Nairobi alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nilipotea kabisa. Ngoma zangu tatu mbele ya zile zilikuwa masihara. Nilitazama ule uzi mweusi unaendelea kutoka, nikamtazama Bwana Tarumbeta, nikangoja ashushe chombo.

Hakukishusha. Aligeuka akaupa mgongo ukuta ule, kama mtu aliyezaliwa uwanjani, akaanza kuvuta. Zile kona zake ambazo tulizikimbiza miaka yote bila kuzifikia, ngoma za manju zilikuwa zikimngoja mwisho wa kila moja. Alipokatiza, zilijibu. Alipopanda, alipanda moja kwa moja bila kuzunguka, mpaka zile sauti za juu alizokuwa ameziacha, na ngoma zikapanda naye. Mimi niliacha kupima. Nilikata tu. Sijapata kufurahi vile, wala kabla ya hapo wala baadaye.

Sindano ikafika mwisho. Manju akaingia mlangoni ametapakaa vumbi, anatabasamu kwa masikio yote mawili.

"Tumekuheshimu," alisema. Kisha akaongeza kwa mshangao, "Lakini jambo hili sijaliona. Watu wa kiwanda wamekuja wote, na wamesimama katikati. Hawakujua waende upande gani."

"Wabeja, kaka," alijibu Bwana Tarumbeta, akimshukuru kwa Kisukuma, na sauti yake ilikuwa na upepo ndani.

"Wabeja nini!" Yule bwana wa Nairobi alikuwa amevua miwani. "Mmeniharibia! Hii nani atanunua? Kelele tupu!" Alizunguka mashine yake, akatuliza pumzi, na nadhani alikuwa mtu mwema, maana alisema, "Haya. Nina sahani moja imebaki. Huyu mzee aende mbali na ngoma zake, tupige tena."

Bwana Tarumbeta alifungua kiganja akamwonyesha jino.

Alilitia kwenye mfuko wa shati, akalifuta tarumbeta, akalifunga kwenye kanga polepole kama desturi yake. Manju, alipoelewa, aliketi juu ya robota akafunika uso kwa mikono, na ni Bwana Tarumbeta ndiye aliyekwenda kumwinua.

Santuri ilikuja mjini baada ya miezi mingi. Tuliiweka kwenye gramafoni yangu, bendi nzima imesimama barazani, na manju yupo. Upande wa kwanza ulikuwa rumba yetu. Nikaigeuza, nikaweka mwiba. Ilikuwa ni bendi nyingine, watu wa mbali tusiowajua, na wimbo wao ulikuwa wa kodiani.

"Hata Nairobi wamevuka barabara," alisema Bwana Tarumbeta. Tulicheka, tufanye nini. Vidole vyake vilikuwa mezani, lakini siku hiyo havikubonyeza kitu.

Aliendelea kuja na tarumbeta kwa majuma machache, nadhani kwa mazoea ya baiskeli. Aliniambia habari ya mara ya mwisho getini. Yule askari alisema, "Lipulize," naye akalipuliza, ukatoka upepo mtupu. Kwa sheria ile, tarumbeta lisilolia ndilo la kupekuliwa. Mzee yule alilitazama, akamtazama mdomo, akamfungulia geti bila kuligusa. "Hapo ndipo nilipoumia," aliniambia. "Ningependa alimwagie maji." Mwaka huo huo akahamia Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, na bendi yetu ikafa kifo cha kawaida.

Ilipita miaka. Nilikwenda Geita na mzigo wa nguo za kazi nilizozishona, nikamkuta karibu na kinu cha kusagia mawe, ambako wengine hawakupenda kukaa kwa sababu ya kishindo. Yeye alisema kile kinu kina mwendo mzuri, kinakosea kidogo tu. Masharubu yalikuwa meupe, tumbo limejitokeza, na meno mengine ya mbele yalikuwa yamemfuata mwenzao. Tulikumbatiana. Baiskeli ilikuwa ile ile.

"Na santuri ya Kalkuta?" nilimwuliza tulipokwisha kuulizana habari za watoto. "Sasa umezeeka. Upande wa pili umeusikia?"

"Ilivunjika kwenye lori tulipohama. Vipande sita." Alicheka kwa ufizi. "Nilijibania mwenyewe, fundi."

Ilikuwa Jumapili, wakati wa ngoma za mavuno, tukatoka kuelekea uwanjani, yeye akikokota baiskeli na mihogo aliyoninunulia kwenye keria. Bagika walikuwa upande huu, Bagalu upande ule, vumbi limefunga, na hatukumjua hata mtu mmoja. Tulisimama nyuma kabisa kama wazee. Nilikuwa nikimsimulia habari za Mama Zena niliposikia vidole vyake vitatu begani kwangu.

Kwanza nilidhani ni ile tabia yake. Kisha nikasikia wanachoimba wale Bagalu. Hakukuwa na maneno. Ilikuwa ni midomo tu, watu arobaini au hamsini, wanaporomoka na kupanda, wanaanza jambo na kulimalizia mahali pengine, na mwisho wa kila kona majembe yanaruka juu na ngoma kubwa zinajibu. Walikuwa nayo yote, ile ya ghalani, tangu mwanzo wa uzi ule mweusi hadi mwisho. Vidole vilikuwa vinabonyeza begani kwangu pamoja nao.

Nilimgeukia mama mmoja aliyekuwa anajisukuma apite. "Samahani, dada. Wimbo huu ni wa nani?"

"Wa kwetu, kaka," alisema bila kusimama. "Wa zamani huu. Kharumwa wanao, Buseresere wanao. Ni wa mababu."

Akaenda zake mbio, na hakuwa peke yake. Uwanja mzima ulikuwa unahama. Watu waliwapa Bagika kisogo wakavuka kwenda kule, wazee kwa watoto, mpaka mbele ya Bagika kukabaki vumbi na mbwa mmoja.

"Mababu," alisema Bwana Tarumbeta. Machozi yalikuwa yanamshuka kwenye masharubu na hakuyafuta. Alisikiliza kwa makini, kichwa upande, kisha akakunja uso kama alivyonikunjia mimi miaka yote ile. "Lakini wanachelewa. Pale kwenye kona ya tatu, unasikia? Wanachelewa."

"Kidogo sana," nilisema.

"Kidogo sana ni kuchelewa, fundi. Shika hii."

Alinisukumia baiskeli, akainua vitambaa vya suruali magotini, na mtu yule ambaye sikupata kumwona akikimbia, si kwa mvua wala kwa lori, alitimua mbio kukatiza uwanja, kofia ikamdondoka asiiangalie, akawapita watoto, akawapita akina mama, mdomo wazi, mpaka umati ukamfunika. Mimi nilibaki nimeshika baiskeli na mihogo yangu.